Kadi Ina Majina Manne

Jina la kwanza ni kwa wino wa buluu,
mwandiko wa karani aliyejua kuringa:
Mansur bin Zahran, Wete, Pemba.
Mwaka huo karafuu zilipanda bei,
akaagiza gari lisilo paa.
Yaani paa analo, ila hukunjwa kama jamvi.
Likashushwa bandarini kwa winchi na dua,
na watu wa barazani wakaulizana:
mwenye pesa zote hizi
kakosaje za kumalizia bati?

Jina la pili si la mtu. Ni muhuri.
Mali ya Serikali, mwekundu, umepinda kidogo.
Hapo kidole cha baba husita,
halafu hugeuza upande wa pili.
Simuulizi.
Najua tu kwamba Bwana Mansur aliondoka na sanduku moja
na ufunguo wa akiba mfukoni,
kwa kusahau
au kwa kutosahau.

Kombo Shaame, dereva wa idara, ni la tatu.
Aliuziwa mnadani kwa bei ya mbuzi wawili
lilipokuwa haliendi hata kwa kusukumwa.
Akaliweka nyuma ya banda la ng'ombe,
kuku wakatagia kiti cha nyuma miaka ishirini,
na mji ukalila taratibu, kama mchwa wenye adabu
wanaobisha hodi kabla ya kutafuna.
Bakuli la taa likafunika mtungi wa Bi Time.
Kioo cha pembeni kikapata kazi kwa kinyozi.
Turubai la paa lilikwenda kuanikiwa karafuu,
na ngozi nyekundu ya kiti cha mbele
ikakatwa, ikatobolewa, ikashonwa
makubadhi ya Bi Mafunda, siku ya harusi yake.

La nne ni la baba yangu, Faki Khatib, fundi.
Aliuza mikarafuu minane ya urithi
akaleta nyumbani kutu juu ya magogo.
Mama alipika wiki nzima bila chumvi.

Nilishika tochi miaka saba.
Najua sauti ya msasa ukifika kwenye chuma kizima.
Najua mbao za mlango, zilizooza,
zilirudi kwa mfenesi wa Mtambwe,
na kabureta ilichemshwa kwenye sufuria ya biriani
(hilo mama halijui mpaka leo).
Jioni tulizunguka kuomba vilivyoombwa.
Bi Time alitoa taa: "Chukua, ila niletee kifuniko."
Kinyozi alitaka kioo kikubwa zaidi, akapewa.
Bi Mafunda alitazama miguu yake.
"Haya niliolewa nayo.
Ukiyataka, nizike kwanza."
Baba akacheka, akashona kiraka
cha ngozi ya mbuzi, rangi ya chai ya maziwa.
Kipo hapo, kiti cha mbele, upande wa abiria.

Sasa, kikasha cha dashibodi kilikuwa kimefungwa
na baba alikataa kukivunja.
Mwezi wa saba akaja kijana kutoka Maskati,
mjukuu, Kiswahili chake kimevaa viatu vipya,
mkononi ufunguo mdogo, mweusi kwa kushikwashikwa.
Kikafunguka.
Makonyo makavu. Kipande cha mswaki.
Risiti ya petroli, galoni nne, haijalipwa.
Kijana akaisoma mara mbili, akatoa pochi.
Baba akasema, "Wewe kaa tu," akampigia kiraka kofi.

Bi Mafunda alikwisha panda nyuma, na makubadhi yake.
"Nimekuja kukalia changu," akasema,
"japo mimi ndiye ninayekivaa."

Tulipofika Limbani mvua ya vuli ikamwagika.
Baba akavuta paa. Likaja nusu, likakwama.
Tukavuta sote, mwenye kadi na asiye na kadi,
maji yakitiririka shingoni,
na kutoka barazani, chini ya mabati yao,
mtu akapaza sauti:
"Hata leo hamjapata za bati?"